Nilitaka Kununua Sauti, Nikaishia Kupimwa Masikio

Wasee, wacha nianze na ungamo. Mwaka jana nilikuwa nimeweka kando shilingi 85,000. Si za ploti, si za bodaboda, si za mahari. Zilikuwa za vitu vitatu: hedifoni kubwa ya kufunika masikio, amplifaya ya mezani ya kuisukuma, na DAC, yaani kile kigeuzi kinachochukua namba za muziki kutoka kwa laptop na kuzifanya umeme wa kutikisa spika. Mamangu aliponiuliza pesa ni za nini nikamwambia, "Mum, ni za kazi." Haikuwa uongo kabisa. Mimi huhariri video na sauti. Unga wangu unatoka masikioni.

Wenye hii hobi wanahesabu hivyo vitu vitatu kama mafiga: chanzo, amplifaya, hedifoni. Figa moja likikosa, chungu hakikai. Nilikuwa nimekesha wiki nzima nikitazama wajuzi wakibishana ni figa gani la kununua kwanza.

Halafu usiku mmoja, kama saa nane hivi, stima zikapotea. Friji ikanyamaza. Feni ya laptop ikanyamaza. Hata yule jirani wa juu akanyamaza. Katika ule ukimya nikasikia mlio mwembamba, kama wa televisheni ya zamani iliyosahaulika ikiwaka. Nikatafuta unatoka wapi. Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa nje. Kumbe ulikuwa unatoka ndani ya sikio langu la kushoto.

Nitarudi hapo. Lakini kwanza niwapeleke nilikopita mimi, kwa sababu baada ya ule usiku niliacha kutazama bei na kuanza kusoma historia. Nilitaka kujua binadamu alifikaje mahali pa kuvaa sauti kichwani. Nilidhani nitakuta hadithi ya vitu kukua, kupata nguvu na kupanda bei. Nikakuta hadithi nyingine.

Fundi wa jikoni

Mwanzo kabisa ilikuwa simu. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, injinia Clément Ader aliweka vipaza sauti kwenye jukwaa la Opera na kuvuta nyaya hadi ukumbi wa maonyesho. Watu walisimama foleni ili washike vipokezi viwili vya simu, kimoja kila sikio, wasikie waimbaji walioko mbali. Baadaye London ikapata huduma kama hiyo ya kulipiwa, iliyoitwa Electrophone. Hata wakati huo, ukitaka sauti nzuri lazima uwe na kitu mfukoni.

Lakini hedifoni tunayoijua, ya kuvaa kichwani mikono ikiwa huru, haikutoka kwa matajiri. Mwaka 1910 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipokea mzigo kutoka jimbo la Utah. Aliyeutuma alikuwa Nathaniel Baldwin, fundi mshika dini aliyezaliwa mwaka 1878. Inasimuliwa kuwa wazo lilimjia kwa sababu alikuwa hasikii vizuri mahubiri katika lile jumba kubwa la ibada la Salt Lake City. Wanamaji wakazijaribu hedifoni zake, wakaona zinashinda walizokuwa nazo, wakaagiza nyingine. Baldwin akawajibu kwamba anaweza kutuma 10 tu kwa wakati mmoja, maana anazitengenezea jikoni kwake.

Jikoni, wasee! Hapa kwetu tungemwita mtu wa jua kali.

Sasa sikiza kilichofanya kazi yake iwe ya maana, kwa sababu ndicho kitu nataka ubaki nacho hata ukisahau mengine yote. Redio ya siku hizo haikuwa na amplifaya. Ule umeme hafifu ulionaswa na mlingoti ndio huo huo uliofika sikioni kwa mwanamaji. Hakukuwa na kitufe cha kuongeza. Ukikosa kusikia, umekosa, na pengine aliyekuwa anaita ni meli inayozama. Baldwin akasokota ndani ya kila upande waya mwembamba wa shaba, mrefu karibu maili nzima, akaupanga na sumaku kwa namna ambayo hata mpapaso mdogo wa umeme uliweza kutingisha kiwambo.

Hakuongeza nguvu. Aliongeza usikivu. Shika hilo.

Yeye mwenyewe hakumaliza vizuri. Pesa zilikuja nyingi, akajenga kiwanda, kisha zikamponyoka kwenye miradi mibovu na kwa kusaidia waumini wenzake. Alifilisika mwaka 1924 na akafa maskini mwaka 1961. Lakini kile alichotengeneza jikoni kilikuwa kimeshatoka, na hakikurudi tena.

Kutoka kwa wanajeshi hadi kwa wapenda muziki

Mwaka 1937 kampuni ya Beyer, mjini Berlin, ilitoa DT 48. Ndani yake mlikuwa na spika halisi, ila ndogo: koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma kiwambo. Hedifoni nyingi unazoona leo Luthuli Avenue, ziwe za mia mbili au za elfu hamsini, ni wajukuu wa ubunifu huo.

Bado lakini hedifoni ilikuwa kifaa cha kazi. Aliyeipeleka kwenye starehe ni John Koss wa Milwaukee, mpenda jazz aliyekuwa akikodisha televisheni kwa wagonjwa hospitalini. Inasemekana biashara hiyo aliianza kwa dola 200 za zawadi ya harusi, ambazo zilikuwa za kununua kochi. (Wake zetu wa kesho, mtusamehe mapema.) Mwaka 1958 yeye na injinia Martin Lange walitengeneza kisanduku cha kubebeka cha kucheza santuri, na pembeni wakaongeza hedifoni ili mtu asikize peke yake. Wakaziita SP/3. Walipovipeleka vyote kwenye maonyesho ya vifaa vya muziki, watu hawakushughulika na kisanduku. Walitaka hedifoni. Santuri za stereo ndizo zilikuwa zinaingia sokoni mwaka huo huo, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akasikia gitaa upande huu, ngoma upande ule, na mwimbaji katikati ya kichwa chake.

Baada ya hapo mbio zikaanza. Mwaka 1960 Stax ya Japani ilianza kuuza hedifoni isiyo na koili kabisa. Ndani yake kuna utando mwembamba sana unaoning'inia kati ya nyavu mbili za chuma na kuvutwa huku na huku kwa umeme wa mamia ya volti. Utando huo ni mwepesi kiasi kwamba hauchelewi kuanza wala kuacha. Ila hauwezi kuuchomeka popote tu, unahitaji kifaa chake maalum cha kuulisha. Hapo ndipo ile tabia ya "nunua hedifoni, kisha nunua na ya kuisukuma" ilipoanza kunoga.

Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, yenye sponji za njano. Wao walifanya jambo ambalo ukilisikia unadhani ni ujinga: waliacha mgongo wa hedifoni wazi. Kabla yao kila mtu alikuwa akifunga masikio kwa vikombe vizito kama vya rubani. Wao wakaona sauti inayogonga ukuta wa kikombe na kurudi ndiyo inayochafua muziki. Basi toa ukuta. Ikawa nyepesi, ikawa rahisi kuvaa, na ikauzwa kwa mamilioni.

Umeanza kuona mtindo? Baldwin hakuongeza, alirahisisha njia. Sennheiser hawakuongeza, walitoa ukuta.

Barabarani na angani

Tarehe 1 Julai 1979 Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani kwa yen 33,000. Kinachosahaulika ni kwamba hedifoni yake ndiyo ilikuwa muujiza. Hedifoni za nyumbani siku hizo zilikuwa na uzito wa gramu mia tatu, mia nne. Ile ya Walkman haikuzidi gramu 50. Na ile Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili, ili watu wawili wasikize kanda moja. Waliogopa kwamba kusikiza peke yako mbele za watu kungeonekana ni utovu wa adabu. Leo jaribu kuongea na mtu kwenye matatu uone.

Mwaka uliotangulia, 1978, profesa wa MIT aitwaye Amar Bose alikuwa ndani ya ndege akirudi Marekani kutoka Ulaya. Akavaa hedifoni za ndege, akakuta ngurumo za injini zimemeza muziki wote. Mtu wa kawaida angeongeza sauti. Yeye akatoa karatasi akaanza kupiga hesabu humo humo angani: je, ukinasa kelele kwa maiki ndogo, kisha ukacheza sauti iliyo kinyume chake, si zitafutana? Ilichukua zaidi ya miaka 10 kufika sokoni. Mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuwauzia marubani, na mwaka 2000 ikawafikia abiria.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mtu wa kawaida angeongeza sauti. Huyo mtu wa kawaida ni mimi.

Niliishi Rongai miaka minne nikiwa chuo. Mnajua matatu za Rongai. Woofa iko chini ya kiti, bango linawaka, dereva anapiga ngoma yake. Na mimi, kwa sababu nilikuwa najiona mtu wa ladha, nilikuwa nachomeka vile vya kuingiza sikioni nisikize ngoma yangu. Muziki juu ya muziki. Ili yangu ishinde ya dereva, ilibidi niende mpaka mwisho. Saa moja na nusu asubuhi, saa moja na nusu jioni, siku tano kwa wiki. Simu ilikuwa inatoa onyo kila mara, nami nikibonyeza "sawa" kama mtu anayefukuza nzi.

Namba, na yule jamaa aliyepotea

Turudi kwa mafiga. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilitoa mashine ya kwanza ya CD sokoni, CDP-101. Kuanzia hapo muziki ukawa namba. Sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Kwa nini 44,100? Kwa sababu sikio changa na zima husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni inasema upime angalau mara mbili ya hiyo. Yaani wale mainjinia walianza na sikio la binadamu, wakaunda chombo cha kulitosha.

Lakini namba hazisikiki. Lazima kitu kizigeuze tena umeme, na kitu hicho ndicho DAC. Kisha umeme huo ni mdogo, na kuna hedifoni ngumu kusukuma. Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997, kwa mfano, ina ukinzani wa omu 300, na simu nyingi zikiichezea inasikika kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Hapo amplifaya inahitajika kwa haki kabisa, sitaki mtu aseme nimesema ni upuzi.

Shida ni kwamba mahali penye haja ya kweli hapakosi mchuuzi. Mwaka 1991 Sennheiser walitoa Orpheus, seti 300 tu duniani. Mwaka 2015 wakatangaza mrithi wake, HE 1: amplifaya imekaa ndani ya marumaru ya Carrara, ukiiwasha valvu nane zinapanda zenyewe kutoka ndani. Bei ilikuwa kama euro 50,000. Kwa pesa zetu ni kama milioni 7. Ni kazi ya ajabu, nakubali, na ningeivaa mchana kutwa. Lakini chini ya mbingu hiyo likachipuka soko zima la nyaya za bei ya ng'ombe na masanduku ya chuma kizito, na kila moja linaahidi kwamba utasikia kitu hujawahi kusikia.

Ndipo mwaka 2011 akatokea mtu asiyejulikana, akijiita NwAvGuy. Hakuna aliyejua jina lake. Alikuwa anapima vifaa kwa mitambo na kuchapisha matokeo, na wakubwa wengi wakaaibika. Alipoambiwa kukosoa ni rahisi, akachora amplifaya yake, akaiita O2, na akaitoa bure: mchoro, hesabu, orodha ya vipuri. Vipuri vyake vilikuwa vya kama dola 30. Mwaka uliofuata akatoa na DAC. Lengo lake lilikuwa amplifaya isiyoongeza chochote chake, ipitishe muziki kama ulivyo na ikae kando. Kisha mwaka 2012 akanyamaza ghafla, na hajasikika tena mpaka leo. Hakuchukua sifa. Watu wanaendelea kuuza na kuunda O2 duniani kote, na mwenyewe hata hatumjui sura.

Na haikuishia kwa O2. Mwaka 2016 Apple walipotoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, kila mtu alilalamika, nami nikiwemo. Lakini ule waya mfupi wa dola 9 waliouza kufidia una DAC na amplifaya ndani yake, na kwa hedifoni nyingi za kawaida unatosha kabisa. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, akilinganisha bei na jinsi zinavyogawa besi, kati na juu. Hakuona uhusiano wowote. Na wale Koss wa Milwaukee wana hedifoni iitwayo Porta Pro, ya mwaka 1984, inayokunjwa na kutiwa mfukoni. Bado inatengenezwa, haigharimu hata hedifoni ya kati ya leo, na wajuzi wenye vifaa vya malaki bado wanaiweka kwenye droo.

Sisemi ghali ni wizi. Hedifoni ghali mara nyingi inakaa vizuri kichwani, inadumu, na ukiwa na kazi inayoihitaji, nunua. Nasema kwamba ukifuata historia yenyewe, kila hatua kubwa ilikuwa ya mtu aliyeondoa kitu kati ya sikio na muziki. Baldwin aliondoa uzito wa kiwambo. Sennheiser waliondoa ukuta. Bose aliondoa kelele. NwAvGuy aliondoa bei. Hakuna hata mmoja wao aliyesema: ongeza sauti.

Chungu chenyewe

Nilienda kupimwa. Niliingia kwenye kachumba kadogo kenye kuta za sponji, nikavalishwa hedifoni kuukuu ya rangi ya kijivu, nikapewa kitufe. "Ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza," daktari akasema. Nikakaa pale nikisikiza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiza wimbo wowote. Sikio la kulia, bonyeza, bonyeza. La kushoto, bonyeza, bonyeza, halafu kimya. Kimya kirefu. Nikainua macho kwenye kioo, nikamwona anazungusha kitufe, na mimi sisikii kitu.

Alinionyesha grafu. Mstari wa kushoto ulitembea vizuri, halafu kwenye mitetemo 4,000 ukazama kama shimo la barabara, kisha ukapanda tena. "Hapa ndipo kelele hula kwanza," akaniambia. "Hiki kilichoenda hakirudi. Lakini kilichobaki ni kingi, kijana. Kitunze." Nikamuuliza kama kuna kifaa. Akacheka kidogo. "Kifaa ni hicho unachopunguza nacho sauti."

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa mambo ya kujitakia kama haya. Hesabu yao ni rahisi: kwa desibeli 80 unaweza kusikiza saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, saa 4 tu. Desibeli 10 zaidi, muda unagawanywa kwa 10. Mimi kule Rongai nilikuwa natumia saa 15 kwa wiki, na sidhani ilikuwa 90.

Kwa hivyo zile 85,000 hazikuenda kwa mafiga. Sehemu ndogo ilienda kwa kipimo. Sehemu nyingine ilienda kwa hedifoni ya wastani inayozuia kelele, ndiyo ninayovaa kwenye matatu, na sauti haipiti nusu. Nyumbani nina ya mgongo wazi niliyonunua kwa mkono wa pili, na waya mfupi wa kuchomeka kwenye laptop. Zilizobaki nilimpa mamangu aniwekee, na safari hii nilimwambia ukweli wote.

Nilikuwa nimetazama mafiga wiki nzima, bila kuangalia chungu kama kimetoboka. Kilikuwa kimetoboka. Tundu ni dogo, bado kinapika.

Juzi stima zilipotea tena. Ule mlio ulikuwepo, nikausalimia. Halafu nikavaa hedifoni, nikachagua wimbo mmoja wa zamani ambao babangu alikuwa akiupiga kwa redio ya kanda Jumapili, nikaweka sauti chini sana, chini mpaka ilibidi niache kupumua kwa nguvu. Kulikuwa na mtu nyuma ya gitaa anahesabu moja, mbili, tatu kwa kunong'ona kabla ya wimbo kuanza. Nimeusikia huo wimbo maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia huyo mtu.

Punguza kidogo, msee. Pengine kwenye wako pia kuna mtu anahesabu.